Nani Aliyefua Mashati ya Tata

Ijumaa kwetu ilikuwa na harufu ya sabuni ya kipande. Kabla sijafungua macho niliisikia ikija kutoka boma la jirani, imechanganyika na moshi wa kuni ambazo hazijakauka vizuri na ubichi wa majani ya migomba yaliyonyeshewa usiku kucha. Kijiji chetu kiko upande wa Nyamira, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Keroka, mahali ambapo chai imepandwa hadi ukingoni mwa njia na kila nyumba imejificha nyuma ya migomba yake. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likishatua hakuna kazi tena hadi kesho yake jioni, kwa hiyo kabla ya hapo chakula kiwe kimepikwa, kuni zimepasuliwa, viatu vimepakwa rangi, na nguo zimefuliwa, zimekauka na kupigwa pasi. Mvua yetu haina adabu. Inakuja saa nane mchana bila kuuliza mtu. Anayetaka shati likauke lazima alifue alfajiri, wakati ukungu bado umelala bondeni. Ndiyo maana alfajiri ya Ijumaa ungesikia vijiji vizima vikisugua, fyu, fyu, fyu, mlima huu na mlima ule, na juu ya sauti hiyo wanawake wakiitana kuulizana nani amebaki na buluu ya kusuuzia nguo nyeupe.

Nyuma ya nyumba yetu, mahali ambapo migomba ilikuwa imesongamana zaidi, aliyekuwa akisugua nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kwanza katika nyumba ya wavulana watatu, na Desemba iliyotangulia nilikuwa nimetahiriwa. Kwetu jambo hilo linabadilisha ramani ya boma. Nilihamia esaiga, kijumba cha mvulana kilichotazamana na nyumba kubwa. Sikuruhusiwa tena kuingia chumba cha kulala cha wazazi, wala kukaa jikoni karibu na mafiga ya mama nikichokonoa masufuria kama zamani. Wazee waliotulea wakati wa jando walituambia kwamba sasa sisi ni wanaume, na kwamba mwanamume anajulikana kwa mambo asiyoyafanya. Orodha ya mambo hayo ilikuwa ndefu, nami, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuogopa kukosea, niliikariri yote. Kufua nguo hakukutajwa kwa jina. Hakuna aliyeona haja ya kukutaja.

Lakini mikono ya mama ilikuwa imeharibika. Ilianza mwaka mmoja kabla ya hapo, katikati ya vidole, ngozi ikawa nyekundu kisha ikapasuka. Alichuma chai siku tano kwa wiki, na utomvu wa chai uliingia katika ile mipasuko ukaipaka rangi ya kahawia isiyotoka kwa maji wala limau. Muuguzi wa zahanati alimwambia akae mbali na sabuni. Mama alicheka. Mwanamke mwenye watoto watatu na mume mwalimu akae mbali na sabuni? Tata, yaani baba yangu, alimnunulia glavu za mpira Keroka, za manjano, kubwa kama za mganga wa ng'ombe, naye akaamini shida imekwisha. Mama alizijaribu mara mbili. Mikono ilitokwa jasho ndani yake na vidonda vikazidi. Akazitundika kwenye msumari wa jikoni ili Tata azione kila anapopita.

Ijumaa moja nilimkuta nyuma ya nyumba ameinamia beseni, shati jeupe la Tata mikononi, na maji yamegeuka rangi. Alikuwa analia bila sauti, kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu, kwa sababu kila alipoligusa shati aliacha alama ya kidole. Nililichukua. Hakuniomba, na nataka hilo lijulikane. Nilifikiri nitamsaidia siku ile tu.

Sasa nikiri jambo ambalo nilichukua miaka mingi kulikiri: nilipenda. Mimi ni mtu ambaye, kosa moja likitokea daftarini, nilichana ukurasa mzima na kuuandika upya. Sentensi hizi unazosoma nimezifuta mara nyingi kuliko inavyofaa kusema. Na shati jeupe ni daftari ambalo unaweza kulirudia kila wiki hadi likose doa. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kusoma maandishi madogo ya pakiti na kwa kuharibu. Niligundua kwamba kola haipendi nguvu, inapenda kulowekwa tangu jana yake jioni na kusuguliwa kwa mswaki uliochakaa. Niligundua kwamba buluu ikizidi kidogo Tata atapanda mimbarini akiwa na rangi ya samawati, na kwamba maji ya mvua yanaondoa povu haraka kuliko ya mto. Baada ya miezi miwili mashati ya Tata yalikuwa yakiingia kanisani kabla ya Tata mwenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliposimama mbele kuomba, wanawake walinong'ona upande wao: mke wa Mwalimu anajua kufua. Mama aliinamisha kichwa. Mimi, upande wa wavulana, nilitazama viatu vyangu na kujisikia mrefu.

Utaratibu wetu haukuwa wa kuongea. Alhamisi jioni mama alinipitishia shati mlangoni, kwa kuwa nisingeingia chumbani. Ijumaa alfajiri nilifua nyuma ya migomba, naye akaanika mbele, mahali pa kuonekana. Tukiulizwa, kamba ilikuwa ni yake.

Kulikuwa na pakiti moja ya sabuni ya unga ambayo niliisoma hadi nikaijua kama aya ya kukariri. Ilikuwa ya kijani. Mbele palikuwa na mwanamke mwenye meno mengi, ameshika shati linalotoa miale kama jua. Kando yake alisimama mvulana wa umri wangu, jezi imejaa matope, mpira kwapani, akicheka kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Chini kabisa msichana mdogo alishika vibanio vya nguo. Redioni tangazo la sabuni hiyohiyo lilianza na mwanamke anayehangaika na doa, kisha ikaja sauti nzito ya mwanamume kumweleza sabuni inavyofanya kazi. Nilishangaa huyo mwanamume alijuaje. Lakini kwa mvulana wa pakiti sikushangaa, nilimwonea wivu. Yeye alichafua, wengine wakasafisha, na kila mtu pale kwenye picha alifurahi. Nilimtafuta mvulana anayefua, nikageuza pakiti nyuma, nikaangalia hadi kwenye mshono wa chini. Hayupo. Mtu mzima angesema pakiti imekosea. Mtoto anafikiri aliyekosea ni yeye.

Likizo ya Aprili ya mwaka uliofuata, siku ya soko, lori la sabuni ile lilikuja Keroka. Upande mmoja wake ulifunguliwa ukawa jukwaa, na maspika yakapiga muziki hadi maziwa yakatetemeka kwenye vibuyu vya wauzaji. Tulikuwa tumeenda sote, mama na ndizi zake, Tata kununua misumari ya madawati ya kanisa, mimi kubeba. Mtangazaji alikuwa kijana wa Nairobi, kofia imegeuzwa nyuma, Kiswahili chake kikiteleza haraka kuliko masikio yetu. Alitangaza mashindano mawili. Jukwaani, kina mama: kila mmoja beseni lake na shati lililopakwa oili na matope, dakika tatu, shati jeupe zaidi linashinda katoni nzima ya sabuni. Chini mbele ya jukwaa, wanaume na vijana: kupiga danadana, mpira usiguse ardhi, mshindi anaenda na mpira.

"Wanaume huku chini, kina mama huku juu!" alisema. "Leo tu ndiyo mtawaona wamewapanda kichwani!"

Watu walicheka. Mama alikuwa tayari amegeuka kuondoka, lakini wanawake wa kanisa letu walimwona. Mama Kwamboka, kiongozi wa mashemasi wa kike, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu mlima wa pili, alipiga makofi. "Mama Onderi! Pandisheni Mama Onderi! Katoni ni yetu!" Wenzake wakaitikia, wakamsukuma kwa mabega, wakampokonya kikapu. Mama alisema mgongo unamuuma. Alisema ndizi hazina mtu. Kila alichosema kilichekwa kama unyenyekevu. Na kabla sijajua la kufanya, mkono wa Tata ulikuwa mgongoni kwangu. Zamani, akiwa chuo cha ualimu, alicheza beki, na alikuwa na tumaini nami ambalo sikuwahi kumpa sababu yake. "Onderi, nenda," alisema. "Onyesha watu."

Nilionyesha watu mara mbili. Mguso wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili uligonga ugoko, mpira ukaingia chini ya lori, na ikabidi nitambae kuufuata kati ya magurudumu huku kijana wa Nairobi akisema, "Huyo ameenda kuangalia breki!" Nilipotoka huko nikiwa na grisi magotini, filimbi ya kina mama ilikuwa imepulizwa.

Nililala na picha hiyo kwa miaka. Mama ameinama juu ya beseni jekundu, glavu hana, sabuni ya unga imemwagwa bila kipimo. Aliingiza mikono, nikaona mabega yake yakipanda kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Wenzake walisugua kwa mdundo wa muziki. Yeye alisugua kwa ncha za vidole, kisha kwa viganja, kisha akasimama akapumua, akarudi. Dakika tatu zilipokwisha, mtangazaji aliinua mashati moja moja. Lake lilikuwa na oili iliyosambaa, michirizi ya kahawia ya utomvu wa chai, na karibu na mfuko kidoa chekundu, kidogo kama mbegu.

"Jamani! Hili limefuliwa ama limepikiwa?" alisema. "Mama, ukweli wa Mungu, mzee wako huvaa nini kanisani? Gunia?"

Soko zima lilicheka. Mzee wake alikuwa amesimama katikati ya soko hilo akiwa na shati jeupe kuliko yote Keroka siku ile, kazi ya mikono yangu. Nilimwona Mama Kwamboka akiacha kucheka. Alilitazama shati la Tata, akamtazama mama, akalitazama shati tena. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka ngazi za jukwaa. Beseni lilikuwa pale, maji yalikuwa pale, na nilijua kabisa nini kingefanyika kwa shati lile katika dakika tatu nyingine. Mama aliinua macho akanikuta. Sikupanda. Niliokota mpira ambao haukuwa wangu nikamrudishia mwenyewe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tata alisema tu kwamba wale vijana wa Nairobi hawana heshima, akarudia mara tatu, kwa sauti ya mtu anayefikiria kitu kingine.

Jambo lingekwisha hapo kama lingekuwa la mashati peke yake. Lakini mama alikuwa shemasi, na kazi yake ilikuwa vitambaa. Kila robo ya mwaka kanisa letu hushiriki Meza ya Bwana, na kabla ya mkate watu hutawadhana miguu, wanaume upande wao, wanawake upande wao, kwa beseni na taulo. Kitambaa cheupe cha kufunika meza na zile taulo hufuliwa na shemasi wa kike. Huo ndio utaratibu. Ni heshima, na wanawake huitazama heshima hiyo kwa macho makali. Robo tatu mfululizo aliyevifua nilikuwa mimi. Vilikuwa ndani ya nyumba yetu wiki ile pia, vikisubiri Ijumaa, kwa sababu Sabato hiyo ndiyo ilikuwa ya Meza.

Kesho yake Mama Kwamboka alikuja na mwenzake mmoja. Waliketi nje, chini ya paa la mbele, na mimi nilikuwa ndani ya esaiga mlango ukiwa wazi nusu. Walianza na mvua na bei ya ndizi. Kisha Mama Kwamboka akasema, bila ukali, "Dada yangu, mikono yako nimeiona. Pole. Lakini mikono ile haikufua shati la Mwalimu."

"Shati ni la nyumba yako, si langu. Vitambaa ni vya kanisa. Vinafuliwa na nani?"

"Vinafuliwa hapahapa."

"Na nani? Kama kuna msichana unamlipa, sema. Kama humjui hata dini yake, sema. Usinifanye nisimame mbele ya baraza la kanisa niseme shemasi wangu ni mwongo."

"Vinafuliwa vizuri, Mama Kwamboka."

"Hilo sikuuliza. Nitakuja Ijumaa. Nikikosa jina, vitambaa nitaondoka navyo, na baraza litajua."

Walipoondoka nilitoka. Nilikuwa nimejiandaa kusema nitakwenda kueleza. Mama alinikatiza kabla sijafungua mdomo. "Wewe nyamaza," alisema. "Mimi nikitolewa ushemasi, wataongea mwezi mmoja. Wewe ukitajwa, watakuimba hadi uoe." Akaingia jikoni, mahali ambapo alijua siwezi kumfuata.

Siku mbili sikula vizuri. Nilipima kila upande kama ninavyopima mambo hadi leo, hadi yanaota kutu. Kama nitasema, vijana niliotahiriwa nao watanirudisha katika uvulana. Kama nitanyamaza, mama ataitwa mwongo katika kanisa ambalo mumewe anaomba mbele, na sababu yake ni kwamba alinifichia siri. Na chini ya hayo yote kulikuwa na aibu nyingine niliyoona haya hata kuitazama: nilitaka ijulikane. Nilitaka mtu aseme, Onderi anajua kufua.

Ijumaa jua lilipopanda kiasi, Tata akiwa ameenda kanisani kupigilia madawati, nilimwomba mama vitambaa. Alinipitishia mlangoni kama kawaida. Nikabeba beseni, sabuni na ndoo mbili, lakini sikuzunguka nyuma. Nilipita mbele ya nyumba, nikapita ua, nikaweka beseni juu ya nyasi kando ya njia, ile ambayo kijiji kizima kinapita kwenda na kurudi kutoka madukani. Nikapiga magoti, nikaanza na taulo.

Aliyenikuta wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye mzigo wa mboga. Alisimama, akafikiri mimi ni mgonjwa. Kisha wakaja wengine, na baada ya muda mfupi wakafika vijana wa jando langu, wanne, wakitoka mtoni.

"Onderi," mmoja akasema, "umeolewa lini?"

"Na hukutualika!" mwingine akadakia. "Mahari ilikuwa ng'ombe wangapi?"

"Ameshakuwa omoisia tena," alisema wa tatu, yaani mvulana asiyetahiriwa, na hilo ndilo tusi lililonichoma. Nilisugua kwa nguvu hadi povu likaruka. Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Sikumtazama. Nilijua nikimtazama atanirudisha ndani. Nilisuuza mara ya kwanza, mara ya pili, nikapima buluu kwenye kiganja, nikasuuza mara ya tatu. Kitambaa cha meza kilikuwa kirefu, nikakikamua kwa kukizungusha kwenye nguzo ya ua, kwa sababu mikono yangu mitupu haikutosha.

Sikuona Mama Kwamboka alifika lini. Alikuwa amesimama nyuma ya vijana, mikono kiunoni, na nadhani aliona kazi yote. Aliwaambia vijana waende wakachote maji kwao, wakatawanyika wakicheka kwa chini. Akaja hadi kwenye beseni.

"Mara ngapi?" aliniuliza.

"Robo tatu, Mama."

"Na mashati?"

"Tangu mwaka jana."

Alichukua kitambaa kutoka mikononi mwangu, akakiinua kwenye jua, akakitazama kona hadi kona, polepole, kama anayesoma barua yenye habari asiyoitaka. Hakusema ni safi. Hakusema si safi. Ndipo Tata akatokea kwenye kona ya njia, nyundo mkononi, vumbi la mbao kwenye nywele. Alituona wote. Alimwona mama mlangoni, mimi magotini, taulo kwenye ua. Nimewahi kuogopa mitihani na nimewahi kuogopa wezi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa hatua zake kumi na mbili kutoka kwenye kona hadi kwangu.

"Mwalimu," alisema Mama Kwamboka, "unamwona mwanao?"

Tata alitazama shati alilovaa, sehemu ya kifuani, kana kwamba ameambiwa lina doa. Kisha akasema, "Kesho nitaosha miguu ya mzee mwenzangu kwa beseni kama hilo, na kuifuta kwa taulo hiyo. Miaka kumi na moja naosha. Sijawahi kujiuliza taulo hufuliwa na nani."

"Miguu ni mara moja kwa robo, Mwalimu," alisema Mama Kwamboka. "Nguo ni kila wiki."

Tata alimpa mama nyundo, hatukujua kwa nini, akaingia ndani.

Mama Kwamboka aliamua palepale, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamua akiwa amesimama. Mama atabaki shemasi. Baraza halitasikia neno la uongo, kwa sababu jina alilotaka amelipata. Kitambaa cha meza atakifua yeye mwenyewe kuanzia robo ijayo, utaratibu ni utaratibu. Taulo za wanaume zitabaki kwetu. "Kama wanaume wanaweza kuzilowesha," alisema, "mwanamume anaweza kuzifua." Akachukua kitambaa kibichi begani akaenda nacho, na matone yakamfuata njia nzima.

Vijana walinibatiza Shemasi. Jina hilo lilinifuata hadi darasa la nane, uwanjani, mtoni, hata siku ya matokeo. Mama alikuwa amesema kweli kuhusu kuimbwa. Tata hakuzungumzia jambo hilo hata siku moja, na hakufua shati lake hata siku moja. Lakini kuanzia wiki iliyofuata hakumpa mama shati anipitishie. Alhamisi jioni alivuka ua mwenyewe hadi mlango wa esaiga, akanipa mkononi, akasema, "Hili hapa," akarudi. Mpira hakuutaja tena. Sijui kama aliniheshimu au alikata tamaa. Nimejifunza kuishi bila kujua.

Siku hizi nimepanga chumba Nyanchwa, Kisii mjini, na nafua nguo zangu kwenye bomba la ploti pamoja na wapangaji wengine, wanaume wengi tu, hakuna anayetuuliza tumeolewa lini. Dukani pakiti zimebadilika. Juzi niliona moja yenye mwanamume anayefua, mikono imekunjwa, misuli inang'aa, na nyuma yake mke na watoto wanampigia makofi. Nilisimama mbele ya rafu muda mrefu kuliko mtu anayenunua sabuni. Ningempata yule nikiwa na miaka kumi na miwili, ningemkata kwa wembe nikambandika ukutani. Lakini sasa niliona makofi. Nilijaribu kukumbuka ni lini mtu alimpigia mama makofi kwa shati, nikakumbuka ni siku moja tu, Keroka, wakimsukuma apande. Na nisijifanye nimepona. Mwezi uliopita nilitafuta zawadi ya mtoto wa kike wa mdogo wangu, na mkono wangu ulienda wenyewe kwenye seti ya vyombo vya jikoni ya rangi ya waridi. Nilikuwa nimeshalipa na kufika nje ndipo nikajiona. Sikurudi kubadilisha. Foleni ilikuwa ndefu, na nilimwonea haya mwenye duka.

Krismasi iliyopita, tukimenya ndizi na mama, nilimwomba msamaha kwa siku ile ya lori. Nilikuwa nimebeba maneno hayo miaka kumi na mitatu, nimeyapanga na kuyapangua, na yalipotoka yalitoka vibaya. Nilimwambia kwamba alinitazama pale jukwaani akiniita, nami sikupanda.

Mama aliacha kisu. Mikono yake imepona kiasi, chai anachumiwa na watu wengine sasa. Alinishangaa kweli.

"Kukuita?" alisema. "Nilikuwa naomba usije. Niliona miguu yako inataka kuja. Nikasema, Mungu, mshike huyo, wakimcheka na yeye nitalia hapa mbele za watu."

Kisha nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba leo ningepanda. Leo ningepanda, ningechukua lile shati na kulifua hadi yule kijana wa Nairobi atafute miwani.

Mama alichukua ndizi nyingine.

"Leo ndiyo," alisema. "Leo una ndevu."